Maswali ya Wasomaji: Je, Kuomba Kadi ya Mkopo Kunaharibu Rekodi Yako?

SWALI: Mhariri, salaam. Ninafanya kazi katika kampuni ya utalii hapa Arusha na ninataka kadi ya mkopo ya kulipia malazi na tiketi mtandaoni. Nimechukua fomu katika benki tatu, nia yangu ikiwa ni kuzijaza zote nione ipi itakubali kwanza. Mdogo wangu anayeishi Marekani amenisihi niache, kwa sababu yeye aliomba kadi kadhaa kwa mpigo na alama zake zikashuka. Je, jambo hilo linatuhusu na sisi huku?
Msomaji, Sakina, Arusha

JIBU: Ndugu msomaji, mdogo wako amekueleza ukweli wa nchi anayoishi, nawe umefanya vyema kuuliza kabla ya kujaza. Kule Marekani wakopeshaji wengi hutumia alama za FICO, yaani namba inayoonyesha jinsi mtu anavyoaminika kulipa madeni, ambayo huanzia 300 na kuishia 850. Mtu anapoomba kadi, benki huuliza habari zake, na ulizo hilo hubaki katika rekodi yake kwa miaka miwili, ingawa FICO huhesabu yale ya miezi 12 ya karibuni tu. Kwa watu wengi ulizo moja hupunguza alama zisizofika tano. Tatizo ni kurundikana. Anayetafuta mkopo wa nyumba au wa gari huruhusiwa kuulizia kwa wakopeshaji kadhaa ndani ya muda mfupi, na maulizo hayo yote yakahesabiwa kuwa moja, lakini maombi ya kadi hayana nafuu hiyo: kila ombi husimama peke yake. Hata hivyo, mikopo mipya kwa ujumla huchangia asilimia 10 tu ya alama hizo, ilhali historia ya malipo huchangia asilimia 35 na kiasi cha madeni asilimia 30.

Huku kwetu utaratibu ni mwingine. Kwa kanuni zake, Benki Kuu ya Tanzania iliweka msingi wa kanzidata ya taarifa za wakopaji, na baadaye ikazipa leseni kampuni za kuchakata taarifa hizo, zikiwamo Creditinfo Tanzania na Dun & Bradstreet. Benki hupeleka huko kiasi ulichokopa, salio lililobaki na jinsi unavyorejesha, kisha kila benki hupima kwa vigezo vyake yenyewe. Kwa hiyo sitakutajia idadi ya alama utakazopoteza kwa fomu tatu. Ninachoweza kukueleza ni kile afisa mikopo anachokitazama: pamoja na madeni yako, taarifa huweza kuonyesha taasisi zilizokuulizia na tarehe zake. Akikuta benki mbili zimekuulizia juma hilohilo na hakuna kadi wala mkopo uliofuata, ni haki yake kujiuliza kama umekataliwa huko au kama unasaka fedha kwa dharura, na wewe hutakuwapo mezani kwake kumweleza kwamba ulikuwa unalinganisha tu.

Linganisha kabla ya kusaini. Nenda kaunta za benki zote tatu uulize kwa mdomo: kadi inataka mshahara upitie kwao au hapana, wanadai amana ya kushikiliwa kama dhamana au hawadai, ada ya mwaka ni kiasi gani, na riba inaanza kuhesabiwa siku ya ngapi ukichelewa kulipa. Maswali hayo hayaachi alama yoyote katika rekodi yako. Kinachofungua mlango ni saini. Chukua mojawapo ya fomu ulizonazo uisome hadi ukurasa wa saini. Kwa kawaida utakuta kipengele, mara nyingi kwa maandishi madogo, kinachosema kwamba unairidhia benki kutafuta taarifa zako za mikopo na kuzitoa kwa wengine. Saini moja, ile ya benki uliyokwisha kuichagua, inatosha.

Niongeze jambo ambalo hukuliuliza, kwa kuwa naliona lina uzito kuliko maombi yote hayo. Mkopo wa simu unaotolewa kwa ushirikiano na benki ni mkopo wa benki, hata ukiwa wa shilingi 20,000. Wapo wanaoogopa kujaza fomu ya pili ilhali wana deni dogo lililosahauliwa kwenye laini waliyoiacha zamani, na deni hilo linaendelea kusomeka kuwa halijalipwa. Kabla hujaomba kadi, kagua laini zako zote ulizowahi kusajili kwa kitambulisho chako cha NIDA na ulipe kilichobaki.

SWALI: Mimi ni mfanyabiashara katika soko la Mbuyuni, Moshi. Benki imeninyima mkopo ikidai nina deni, nami deni hilo nililimaliza zamani. Nikiomba taarifa yangu mwenyewe, sitazidi kujiharibia?
Mama wa nafaka, Moshi

JIBU: Hapana, mama. Kuomba taarifa yako mwenyewe si kuomba mkopo, na hata Marekani ulizo la namna hiyo haliguswi na hesabu ya alama. Ni haki yako kuiona na kupinga lililo na kosa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeipa haki hiyo nguvu zaidi. Iulize benki iliyokunyima imeitoa wapi taarifa hiyo, kisha uende katika kampuni husika na kitambulisho chako.

Ukishaiona, rudi kwa aliyekukopesha, kwa sababu yeye ndiye chanzo cha taarifa na ndiye anayepaswa kupeleka marekebisho. Usikubali kuambiwa kwa mdomo kwamba limeshughulikiwa. Dai barua ya kumaliza deni yenye namba ya mkopo, tarehe ya rejesho la mwisho na muhuri, ubaki na nakala, na nyingine uipeleke katika kampuni ya taarifa pamoja na malalamiko yako ya maandishi. Nakusihi usiombe mkopo kwingine kabla marekebisho hayajaonekana, kwani benki itakayofuata itasoma ukurasa uleule, na ombi lako la pili litakataliwa kwa sababu ileile.