Kuoka Nankatai kwa Jiko la Mkaa

Kwetu Ngamiani, Tanga, siku chache kabla ya Idi huhitaji kuuliza ni nyumba gani inaoka, kwa kuwa harufu ya samli na iliki hutoka uani na kukupokea ukiwa bado barabarani. Nimekulia katika nyumba ya namna hiyo, na kwa miaka mingi sasa mimi ndiye ninayewaokea ndugu, majirani na marafiki. Katika muda huo nimewaona wengi wakikata tamaa baada ya sinia la kwanza kuharibika, wakiamini kwamba walikosea vipimo. Mimi naona vipimo si tatizo kubwa, kwa sababu mtu akipewa huvifuata. Biskuti nyingi huharibikia kwenye moto, na zilizosalimika kwenye moto huharibikia ndani ya kopo. Nitaeleza kwa kutumia nankatai, biskuti ya samli isiyohitaji mayai wala mashine, nami naipendekeza kwa kila anayeanza.

Natumia unga wa ngano gramu 250, samli gramu 160, sukari iliyosagwa gramu 120, nusu kijiko cha chai cha beking pauda, chumvi kidogo sana na iliki 10. Hapo napata biskuti zipatazo 30. Asiye na mzani achukue kikombe kimoja na asikibadilishe: vikombe viwili vya unga, kikombe kimoja cha sukari ya kusaga, na samli kikombe kisichojaa.

Kuhusu iliki, sisi watu wa Tanga hatuna udhuru. Iliki hulimwa milimani Usambara, upande wa Amani, na sokoni hupatikana ikiwa bado ndani ya maganda yake. Inunue hivyo hivyo, uyapasue maganda siku ya kuoka, kisha uzitwange punje pamoja na kijiko kimoja cha sukari, kwa maana chembe za sukari husaidia kuzisaga punje na kuishika harufu yake isipotee. Iliki iliyosagwa zamani na kukaa dukani huacha ladha hafifu, na hata ukiongeza kiasi hutapata ile unayoitafuta.

Samli nayo ina masharti yake. Wakati wa kaskazi, hasa Januari na Februari, ikifika adhuhuri samli ya jikoni kwangu huwa imeyeyuka kama mafuta ya kula, na unga uliochanganywa nayo katika hali hiyo hutandaa kwenye sinia mpaka biskuti zikashikana. Kwa hiyo nachanganya asubuhi mapema, au naliweka bakuli la samli ndani ya sinia lenye maji ya baridi mpaka igande kiasi cha uji mzito. Kisha naipiga pamoja na sukari kwa mwiko wa mbao mpaka iwe nyeupe na nyepesi, kazi ambayo kwa mkono hunichukua dakika kumi hivi. Usiifupishe, kwa sababu hewa inayoingia wakati huo ndiyo huifanya biskuti imumunyuke mdomoni. Baada ya hapo unga uliochekechwa na kuchanganywa na beking pauda huingizwa taratibu na kukusanywa kwa ncha za vidole, na mara unapoona hakuna tena unga mkavu, acha. Tumezoea kukanda chapati kwa nguvu ili zivutike, na mkono uliozoea chapati huikanda biskuti bila kujua, ikatoka ngumu. Funika donge lipumzike mahali pa baridi kwa nusu saa, ndipo ufanye viduara vya ukubwa wa ndimu changa, uvibonyeze kidogo na kuviachia nafasi ya vidole viwili.

Sasa moto. Mwenye oveni aiwashe mapema, aiweke kwenye nyuzi 170 na aoke kwa dakika 18 hadi 20. Sisi wengine tuna jiko la mkaa, na bibi yangu aliyenifundisha hakuwahi kumiliki oveni maisha yake yote. Alikuwa akichukua sufuria kubwa, akatandaza mchanga mkavu chini, akaweka vijiwe vitatu juu ya mchanga na kuipasha moto mpaka mchanga ushike joto sawasawa, ndipo sinia dogo la biskuti likakaa juu ya vijiwe na sufuria ikafunikwa kwa sinia lenye makaa. Siku ya kwanza aliponiachia kazi hiyo nilijaza makaa jikoni na kuweka machache juu, nikatoa biskuti zilizoungua chini huku juu zikiwa mbichi. Aliyapunguza makaa ya chini mwenyewe kwa koleo, akaniambia: "Mjukuu wangu, makaa mengi yakae juu. Ya chini ni ya kulinda joto tu." Tangu siku hiyo fungu moja la makaa huwekwa chini na mafungu mawili juu, nami sijawahi kujuta.

Kabla ya kuingiza biskuti, pima joto kwa unga. Weka unga mkavu kidogo kwenye kifuniko cha bati, ukiingize ndani na ufunike. Unga ukigeuka rangi ya kahawia katika dakika moja, moto ni mkali, ondoa makaa. Ukichukua kama dakika tano kupata rangi hiyo, moto umekaa vizuri. Biskuti zikishaingia, usifunue funue kila mara, maana kila unapofunua joto lote hutoka. Funua baada ya dakika 15. Nankatai iliyoiva huwa na rangi ya malai juu na kahawia hafifu ukingoni mwa chini, na ukiigusa ni laini. Hapo ndipo wengi huogopa na kuirudisha motoni. Itoe, iache palepale kwenye sinia, kwa kuwa biskuti hukazika inapopoa.

Kosa la kopo nililifanya mwenyewe. Niliahidi biskuti kwa arusi ya binamu yangu kule Muheza, nikachelewa kuoka, nikazijaza kwenye ndoo ya plastiki zikiwa bado na joto na kuifunga ili niwahi basi. Nilipoifungua mbele ya shangazi, kifuniko kilikuwa kinachuruzika maji kwa ndani na biskuti zimekuwa laini kama mkate. Mvuke uliokosa pa kutokea ulikuwa umezirudia. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, hasa wakati wa masika, na sukari huvuta unyevu huo haraka, kwa hiyo lazima biskuti zipoe kabisa, kiasi cha saa moja au zaidi, kisha zifungwe siku hiyo hiyo katika kopo lenye kifuniko kinachobana. Usizichanganye na keki wala visheti vyenye shira, kwa sababu zitanyonya unyevu wake.

Unapogawa, uliza kwanza kama nyumba hiyo ina mtu anayedhurika na karanga au korosho, iwapo umeziweka. Kwa mjomba wangu mwenye kisukari napeleka biskuti mbili ndogo na kumwambia wazi zina sukari kiasi gani. Sipendi kumdanganya kwa biskuti za asali, kwani asali nayo hupandisha sukari mwilini.

Kopo likifungwa vizuri, nankatai hukaa wiki mbili bila kupoteza ladha. Zikilainika kabla ya hapo, zirudishe kwenye moto mdogo kwa dakika tano, uziache zipoe wazi, na zitakuwa kavu tena.