Baba ana ALS, analala masaa tisa, mbona anaamka kachoka?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba ana miaka 61 na ana ALS, ugonjwa wa neva unaodhoofisha misuli taratibu. Analala masaa tisa lakini anaamka kichwa kinauma, na mchana anasinzia katikati ya maongezi. Kipimo cha kidoleni kinasoma oksijeni 96. Jirani ana mtungi wa oksijeni, na duka la dawa wametushauri vidonge vya usingizi. Tuanze na kipi?

JIBU: Marahaba. Msianze na chochote kati ya hivyo viwili.

Hiyo 96 mmeipima mchana, mzee akiwa macho na ameketi. Karibu kila familia hunionyesha namba kama hiyo kana kwamba ni cheti. Mapafu yake huenda ni mazima. Kinachodhoofika ni misuli inayoyaendesha, hasa diaframu, msuli mpana ulio kati ya kifua na tumbo. Akilala chali, tumbo huisukuma juu. Akiingia usingizi wa ndoto, misuli ya shingo na mbavu inayoisaidia hulegea, kama inavyolegea kwa sisi sote, na diaframu hubaki peke yake. Yake haiwezi. Hewa ya ukaa hujilimbikiza, ubongo humzindua avute pumzi, hulala tena, na asubuhi hakumbuki lolote. Masaa tisa ya namna hiyo hayamsaidii.

Andikeni usiku mzima: anahitaji mito mingapi, anaomba kugeuzwa mara ngapi, anaamshwa na mkakamao wa misuli, maumivu au mate yanayompalia? Hayo nayo huharibu usingizi, na kila moja lina tiba yake. Dodoso la Epworth, la kupima kusinzia mchana, msiliamini sana: linauliza kuhusu kusinzia garini kwenye foleni, kwa mtu asiyetoka nyumbani!

Hospitalini, apimwe ujazo wa pumzi ameketi, kisha amelala chali. Ukishuka kwa robo au zaidi, diaframu inashukiwa. Midomo ikishindwa kubana bomba la spirometa, mashine ya kipimo hicho, namba itadanganya. Hapo atumie kipimo cha nguvu ya kuvuta pumzi ghafla kwa pua. Oksijeni irekodiwe usiku kucha bila mtungi: 88 au chini kwa dakika 5 mfululizo ni tatizo. Lakini rekodi safi haimwondolei shaka mtu mwenye dalili kama za baba yako. Gesi za damu zichukuliwe asubuhi, mara anapoamka; hewa ya ukaa ikizidi 45 mmHg, anahitaji msaada wa kupumua. Pasipo na kipimo hicho, bikaboneti ya damu, ambayo hupanda hewa ya ukaa ikijilimbikiza muda mrefu, ikizidi 27 mmol/L nayo inatia shaka.

Sasa huo mtungi. Utapandisha namba hadi 98 huku hewa ya ukaa ikiendelea kupanda, na kwa baadhi ya wagonjwa pumzi huzidi kudhoofika. Vidonge navyo humnyima kule kuzinduka kunakomwokoa. Wapo pia wanaouza CPAP kwa jina la “mashine ya usingizi”. Hiyo hupuliza kwa mgandamizo uleule muda wote, na mwenye misuli dhaifu huhangaika kutoa pumzi. Anachohitaji kwa kawaida ni BiPAP, inayosukuma anapovuta na kulegeza anapotoa, tena iliyopangwa na mtaalamu, si muuzaji.

Haya yanawahusu pia wenye vijana wa Duchenne, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli. Oksijeni ina nafasi yake, kwa mfano kwenye nimonia, lakini hewa ya ukaa ifuatiliwe. Mgonjwa wa aina hii akiamka amechanganyikiwa au haamshiki, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na ugonjwa wake utajwe kabla hajawekewa oksijeni.