Ukihakiki katuni, usiishie kwenye kisa

Kwa muda mrefu nilihakiki vitabu vya katuni kama riwaya za kawaida. Nasimulia kisa, nawachambua wahusika, halafu mwishoni nachomeka sentensi moja: "Michoro inapendeza." Mpaka mchoraji mmoja aliponiandikia, kwa upole kabisa, kwamba kurasa zile zilimchukua zaidi ya mwaka na mimi nimemlipa maneno mawili. Iliniuma, maana alisema kweli.

Tangu hapo kila kitabu nakisoma mara mbili. Mara ya kwanza najisomea kwa raha, kalamu iko mbali. Mara ya pili maneno siyagusi, natazama picha tu. Hapo ndipo kazi ilipo. Chukua Watchmen, kitabu cha katuni kilichochorwa na Dave Gibbons: kurasa nyingi amezigawa visanduku tisa, vitatu kwa vitatu, na jicho linazoea kwenda kwa mwendo huo. Halafu sura ya 12 inafunguka kwa picha moja inayojaza ukurasa mzima, unafunua, nyingine tena. Unashtuka kabla hujasoma neno. Mhakiki asiyeligusa hilo hajakihakiki kitabu.

Angalia pia ile nafasi nyeupe kati ya visanduku. Kisanduku cha kwanza, kikombe kiko ukingoni mwa meza na kiwiko kinakisogelea. Cha pili, vigae sakafuni. Kikombe kikianguka hakuna aliyekichora. Umekiangusha wewe msomaji kichwani mwako. Mchoraji hodari anajua akuachie nini, na mimi hupenda kumweleza msomaji wangu ni wapi alimwachia.

Wataje wote. Yupo mtunzi, yupo mchoraji, mara nyingi yupo wa wino, wa rangi na wa herufi. Rangi za Watchmen ni za John Higgins, na herufi aliziandika Gibbons mwenyewe. Ukimtaja mtunzi tu, ukaandika "kitabu cha Alan Moore" ukaishia hapo, umewadhulumu wenzake.

Kwa manga, yaani katuni za Kijapani, mweleze msomaji mgeni kwamba husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Matoleo mengine ya zamani yaligeuzwa kama kwenye kioo, na mpiga upanga wa mkono wa kulia akawa wa kushoto. Mambo hayo yanafaa kusemwa.

Kuhusu kufichua kisa: mimi sivuki robo ya kwanza ya kitabu. Na filamu iliyotokana na katuni naihakiki kama filamu, siisimangi kwa kila kisanduku kilichoachwa.

Kitabu kisiponipendeza, nataja ukurasa wenyewe na kilichonikwaza: sura za watu zinazofanana hadi sijui nani anaongea, au mapovu ya maneno yaliyopangwa vibaya, nikasoma jibu kabla ya swali. Mchoraji akitaka kunibishia, anaufungua ukurasa huohuo na tunazungumza.