Maswali ya Wasomaji: Mtumba, Gomesi na Nguo Inayodumu

Toleo lililopita liligusia bei ya sare za shule, na barua zilizofuata zikavuka mipaka ya sare: wasomaji wanataka kujua nguo ipi inunuliwe, itoke wapi, na ikichakaa ipelekwe wapi. Tumechagua barua tano. Ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa kuwa swali lake linazua ubishi katika nyumba nyingi.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, baba mkwe wangu alifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha nguo hapa Jinja. Kila nikirudi kutoka sokoni na mitumba husema kwamba ni sisi wanunuzi tulioviua viwanda vya nchi hii. Nina watoto wanne, na mtumba ndio ninaoumudu. Je, nina kosa? (Mama wa watoto wanne, Walukuba, Jinja)

JIBU: Mama, utufikishie shikamoo zetu kwa mzee, kwa sababu sehemu ya maneno yake ni ya kweli. Mtumba huuzwa kwa bei isiyobeba gharama ya kulima pamba, kusokota uzi wala kufuma kitambaa, na hakuna kiwanda kinachoweza kushindana nao kwa bei peke yake. Hata hivyo, miaka yenyewe ukiipanga haimuungi mkono sana. Zao la pamba, lililoingizwa Uganda mwaka 1903, lilifikia kilele katika msimu wa 1969/70 kwa marobota yapata 470,000. Mwaka 1972 Waasia waliokuwa wakiendesha vinu vingi vya kuchambulia pamba na sehemu kubwa ya biashara wakafukuzwa, vipuri vikaadimika, vita vikafuata, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 mavuno hayakufika hata sehemu ya kumi ya kiwango kile. Mitumba ilipofurika katika miaka ya 1990 ilivikuta viwanda vingi vikiwa hoi. Ilivizuia kuinuka tena, hilo hatulikatai, lakini si yenyewe iliyoviangusha.

Serikali nazo zimejaribu. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ifikapo 2019. Wafanyabiashara wa nguo zilizotumika wa Marekani wakapeleka malalamiko kwa serikali yao, nayo ikatishia kuzinyima nchi zetu nafuu ya AGOA, mpango ulioruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Kenya, Uganda na Tanzania zikalegeza msimamo. Rwanda ikakaza, na Julai 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa mavazi. Agosti 2023 Rais Museveni, akifungua viwanda huko Mbale, alitangaza tena kwamba mitumba ipigwe marufuku kwa kuwa ni nguo za watu waliokufa. Anayepita soko la Owino, Kampala, leo anajua kwamba marobota bado yanafunguliwa.

Rai yetu ni kwamba mzee anamlaumu mtu asiye sahihi. Mtumba ukiondolewa kesho asubuhi, kitakachojaza vibanda si kitambaa cha Jinja, bali ni poliesta mpya ya bei chee kutoka ng'ambo, ambayo haidumu hata nusu ya muda wa shati la pamba lililokwisha kuvaliwa na mtu mwingine. Pamba tunayo, sehemu kubwa kabisa ya pamba inayochambuliwa nchini husafirishwa nje kabla haijawa uzi. Kinachokosekana ni usokotaji na ufumaji wa kutosha, na pengo hilo haliwezi kuzibwa na mama mmoja kwa kukataa kumnunulia mwanawe kaptura.

Lawama ambayo tungeikubali ni ya aina nyingine. Mchuuzi hununua robota, mara nyingi la kilo 45 au zaidi, likiwa limefungwa, na hajui kilichomo mpaka alikate kamba. Ndani yake hukuta nguo nzuri, za wastani, na nyingine zilizochanika au zenye madoa ambazo hazifai hata bure. Takataka hizo zimelipiwa ushuru na nauli, na mwisho wake ni jalalani kwetu, si kule zilikotoka. Mnunuzi anayechukua nguo kumi mbovu kwa sababu tu ni za bei ya kutupa huongeza kasi ya mzunguko huo. Basi wanunulie watoto mtumba bila haya, hasa kwa kuwa wanakua haraka na nguo huwa ndogo kabla ya kuchakaa, lakini nunua chache zilizo nzima, kisha fedha utakayookoa uielekeze kwenye nguo moja ambayo Jinja bado inaitengenezea kitambaa: sare ya shule. Muulize muuza kitambaa jora limetoka wapi, na umwambie fundi aache pindo pana la kuteremshwa mwakani. Huenda mzee akaliona pindo hilo akapunguza maneno.

SWALI: Nanunua mashati mapya madukani, lebo inasema pamba tupu, lakini nikivaa natokwa jasho, na baada ya kufuliwa mara chache ukosi unajikunja na mishono inaachia. Nitatambuaje nguo nzuri kabla ya kulipa? (Mwanafunzi, Wandegeya, Kampala)

JIBU: Ndugu mwanafunzi, lebo ni karatasi iliyoandikwa na mtu anayetaka kuuza. Igeuze nguo ndani nje, kwa kuwa uhodari na uzembe wa mshonaji huonekana upande ambao hakutarajia uutazame. Shika vipande viwili kwa kila upande wa mshono na uvivute polepole: ukiona mwanga ukipenya kati ya nyuzi, au nyuzi zikijitokeza kama ngazi, hapo ndipo patakapoachia. Tazama kama kitambaa kimebakizwa kidogo ndani ya mshono, kwa sababu nguo iliyokatwa hadi ukingoni haiwezi kupanuliwa na fundi yeyote. Kagua makwapa, ukosi kwa nyuma, na kwa suruali pale miguu inapokutana. Kisha iinue nguo dhidi ya mwanga. Kitambaa kilichofumwa vizuri huonyesha kivuli cha mkono wako kwa usawa, wala si kwa mabaka.

Kuhusu pamba, kuna jaribio la njiti ya kiberiti ambalo mafundi wa mtaa wa Kiyembe, Kampala, hulifanya bila kufikiri. Omba ruhusa, chomoa uzi mmoja kutoka ndani ya pindo, uushike kwa kibano na uuwashe. Uzi wa pamba huwaka upesi, hutoa harufu ya karatasi inayoungua, na huacha jivu laini la kijivu linalopeperuka. Poliesta hurudi nyuma kuukimbia moto, huyeyuka, na huacha kipunje cheusi kigumu kisichopondeka kwa vidole (ngoja kipoe kwanza). Sufu hunuka kama nywele zilizoungua. Ukipata jivu na kipunje pamoja, hicho ni kitambaa cha mchanganyiko, ambacho kwa sare na suruali za kazi si kibaya hata kidogo, kwa sababu kinastahimili.

Usidhani, hata hivyo, kwamba pamba haina deni. Fulana moja ya pamba hukadiriwa kutumia lita zipatazo 2,700 za maji tangu shambani hadi inapokamilika, ingawa pamba ya kwetu hutegemea mvua zaidi kuliko umwagiliaji. Poliesta nayo hutokana na mafuta ya petroli, na kila inapofuliwa huachilia nyuzi ndogo zisizooza ambazo huishia mitoni na ziwani. Kwa hiyo swali la maana zaidi ni utaivaa mara ngapi. Shati la shilingi 60,000 likivaliwa mara sitini limekugharimu 1,000 kwa kila vazi. La 15,000 likifa baada ya mara tano limekugharimu 3,000. Na bei ikishuka mno, ujue kuna mtu aliyeilipia tofauti hiyo: jengo la Rana Plaza, lililokuwa na viwanda vya kushona nguo za maduka ya Ulaya na Marekani, liliporomoka karibu na Dhaka, Bangladesh, tarehe 24 Aprili 2013 na kuua watu zaidi ya 1,100, baada ya wafanyakazi kuamriwa waingie ingawa nyufa zilikuwa zimeonekana siku iliyotangulia.

SWALI: Mwaka huu nimealikwa kwenye sherehe tatu za kwanjula (kumtambulisha mchumba kwa wazazi), na kila familia imechagua rangi yake ya gomesi, vazi letu refu la heshima la wanawake. Kabati limejaa gomesi zilizovaliwa mara moja. Nikikataa nitaonekana nimewadharau. Nifanyeje? (Dada, Mukono)

JIBU: Dada, usikatae mwaliko, kataa kununua. Gomesi ni miongoni mwa mavazi yanayoazimika kwa urahisi kuliko yote. Tangu ilipobuniwa na mshonaji mwenye asili ya Goa, India, aitwaye Gomes mwanzoni mwa karne ya 20, imeshonwa kwa kitambaa kingi kinachoweza kufika mita sita, huzungushwa mwilini juu ya kikoi, na hufungwa kwa mshipi kiunoni, wala haina zipu ya kumsaliti aliyenenepa. Dada wawili wenye maumbo tofauti kabisa wanaweza kuivaa moja, ilimradi mabega na urefu vinakaribiana.

Kaeni basi, wewe na mashangazi na mashemeji, mwandike ni nani ana rangi gani, muazimane, na anayerudisha airudishe ikiwa safi na imepigwa pasi. Maduka ya kukodisha yapo pia katika miji yetu mikubwa. Tunazisihi na familia zenye sherehe, maana kiini cha tatizo kiko kwao: kutaja rangi mbili au tatu zinazokubalika, badala ya kitambaa kimoja cha duka moja, hakupunguzi heshima ya bibi harusi. Hariri bandia inayometameta, kwa taarifa yako, nyingi yake ni poliesta. Ukilazimika kushonesha mpya, chagua pamba nzito ambayo utaweza kwenda nayo kanisani, msikitini au msibani miaka mingi baadaye.

SWALI: Je, nguo ya magome, ile wanayoiita lubugo, inafaa kuvaliwa kila siku na mtu anayejali mazingira? (Msomaji, Masaka)

JIBU: Kwa mazingira inafaa mno, kwa kila siku haifai. Mti wa mutuba haukatwi. Hubanduliwa gome, shina likafungwa majani ya migomba ili lisikauke, na gome jingine likaota. UNESCO iliutambua ufundi huu mwaka 2005. Lakini kitambaa chenyewe hakipendi maji wala kusuguliwa, ndiyo maana wabunifu wengi hukitumia kwa mikoba, kofia na makoti yenye bitana.

SWALI: Nguo zilizochakaa kabisa nizitupe wapi? (Mzee, Kawempe)

JIBU: Shikamoo mzee. Wewe unaishi jirani na jalala la Kiteezi, na unakumbuka tarehe 10 Agosti 2024, lundo la taka lilipoporomoka na kuzifukia nyumba pamoja na waliokuwamo. Hatuna haja ya kukueleza kwa nini jalala liwe chaguo la mwisho. Chomoa kwanza vifungo na zipu umpe fundi wa mtaani, naye huenda akakupunguzia bei ya kiraka kinachofuata. Pamba iliyobaki hufyonza vizuri, kwa hiyo ikate iwe vitambaa vya kupigia deki au uwapelekee mafundi wa gereji, ambao hufutia grisi kutwa nzima. Poliesta haifyonzi, lakini ikikatwakatwa hujaza mito ya kulalia na viti. Usiichome uani: moshi wa plastiki inayoyeyuka ni sumu, na wajukuu wanaocheza hapo ndio watakaouvuta.