Wamejibu au wamekustahi? Kwa mnaoanza uzamili wa masoko

Wadogo zangu mnaoanza shahada ya uzamili ya masoko, karibuni. Mimi nilisoma masomo ya jioni Dar es Salaam huku nimeajiriwa, na miaka miwili niliyojipangia ikageuka mitatu. Mwaka wa ziada haukuletwa na mitihani, uliletwa na dodoso.

Mada yangu ilikuwa uaminifu wa wateja kwa sabuni ya unga. Nilichukua maswali kwenye makala za Ulaya na Marekani, nikayatafsiri usiku mmoja, nikatoa nakala 200, nikashika njia ya Mbagala. Swali la kwanza lilisomeka: "Chapa ninayotumia inaakisi haiba yangu." Mama mmoja aliyekuwa akichambua dagaa gengeni akanitazama. "Chapa ipi tena, mwanangu? Mimi nafulia hii ya bluu." Nikamsomea majibu matano, kuanzia nakataa kabisa hadi nakubali kabisa. Akajifuta mikono kwenye kanga: "Weka nimekubali yote. Nisije nikakuharibia masomo yako."

Na mimi nikaweka.

Kipimo kile cha ngazi tano, alichokitoa Rensis Likert mwaka 1932, hakina ubaya. Shida ni kwamba kinategemea mtu asiyeona haya kumkatalia mgeni, na uswahilini kwetu kumkatalia mtoto wa watu aliyetembea juani na begi lake ni kukosa utu. Basi wengine walinijazia 5 kutoka juu hadi chini, wengine 4 kutoka juu hadi chini. Nilipoingiza data kwenye SPSS, programu ya takwimu, alfa ya Cronbach, kipimo cha uthabiti wa dodoso, ikatoka 0.94. Tulifundishwa kwamba 0.7 inatosha, kwa hiyo usiku ule ule nikampigia msimamizi wangu picha ya kompyuta na kumtumia. Asubuhi nikakuta mstari mmoja: "Wamejibu au wamekustahi?"

Alfa hupima jinsi majibu ya maswali yanavyokwenda pamoja. Mtu akishusha tiki kwenye safu moja bila kusoma, majibu yake yatakwenda pamoja vizuri mno. Dawa mojawapo ni kugeuza baadhi ya maswali. Ukiuliza "Nitaendelea kununua sabuni hii hata ikipanda bei", huko mbele weka "Ikipanda bei kidogo tu nahamia nyingine". Anayekubali yote mawili amekustahi. (Kumbuka kugeuza alama za majibu ya maswali hayo, 5 iwe 1 na 4 iwe 2, kabla ya kukokotoa; nimeona mtu akilia maabara kwa kusahau hilo tu.) Halafu lijaribu dodoso kwa watu kumi au kumi na watano mtaani. Usiwajaribie wanadarasa wenzako, maana wao wanajua unachokitafuta.

Mtakutana pia na fomula ya Yamane, ya kujua uhoji watu wangapi, ambayo nusu ya tasnifu za darasa letu iliingia nayo. Wateja wakiwa 400 na kosa likiwa asilimia 5, inakupa 200. Nzuri, rahisi, na ndiyo maana inapendwa. Lakini inataka ujue idadi ya watu wako, kisha uwachague kwa nasibu. Ukisimama Kariakoo ukamdaka kila anayepita, ile 200 ni pambo tu, na jopo litakuuliza. Afadhali useme wazi kwamba ulichukua waliopatikana.

Darasani mtapewa visa vya kampuni za Marekani hadi mchoke. Visomeni, ila jizoezeni kutafuta vya kwenu. Mimi kilichonifungua macho ni M-Pesa. Safaricom waliianzisha Kenya mwaka 2007, Vodacom wakaileta Tanzania mwaka 2008, na huku mwanzoni ilipanda taratibu. Huduma ni ile ile! Tofauti ilikuwa wapi? Safaricom walikuwa wameshika sehemu kubwa mno ya soko la simu nchini kwao, wakati Vodacom waligawana wateja na wapinzani kadhaa, na mtandao wa mawakala ulihitaji muda kujengwa. Kisa hicho kimoja kilinielewesha usambazaji kuliko sura nzima ya kitabu.

Kazi za kikundi: mmoja atafanya, mmoja atachapa jalada, wengine wataandika "nipo pamoja nanyi" kwenye WhatsApp. Zoeeni. Ila msimpe fundi wa mtaani awachambulie data. Siku ya kutetea tasnifu fundi hayupo, na swali la kwanza huwa "kwa nini ulitumia kipimo hiki?"

Niliporudi Mbagala, karatasi zilibaki kwenye begi. Nilimwomba mwenye duka benchi, nikakaa jioni tatu nikitazama. Watoto walikuja na mia tano mkononi wakisema "sabuni ya unga", basi. Jina hawakutaja, na muuzaji alitoa kilichokuwa karibu na mkono. Watu wazima wengi hawakutoa hela kabisa. Muuzaji alifungua daftari la kaunta lililokunjika pembe, akaandika jina, sabuni moja, mafuta vipimo viwili, akafunga. Duka la ng'ambo ya barabara liliuza pakiti ile ile kwa bei nafuu zaidi. Yule mama wa dagaa alipopita nikamuuliza mbona haendi kule.

"Kule sina daftari."

Dodoso langu lilikuwa na maswali 32, na hakuna hata moja lililogusa mkopo. Nikaanza upya. Msimamizi aliposoma sura ya nne mpya, alirudi kwenye jalada, akakata "uaminifu kwa chapa" kwa kalamu nyekundu, na juu yake akaandika "mkopo wa dukani".