Lila na Lenù: urafiki au wivu?

Ndugu yangu, umeuliza kama Lila na Lenù, wasichana wawili wa riwaya ya L'amica geniale (yaani "rafiki mwenye kipaji"), ni marafiki kweli au wanaoneana wivu tu. Mimi naona yote mawili, na ndiyo maana kitabu hiki cha Elena Ferrante (2011) kinanichoma moyo kila nikikirudia.

Rudi kwenye tukio la wanasesere, wakiwa bado watoto. Lila anamtupa mwanasesere wa Lenù kwenye giza chini ya jengo, na Lenù naye, badala ya kulia, anamtupa wa Lila. Kisha wanapanda ngazi kwenda kuwadai wanasesere wao kwa Don Achille, mtu anayeogopwa mtaa mzima. Katikati ya ngazi Lila anasimama, anamngoja mwenzake, anamshika mkono. Yule yule aliyemuumiza!

Uchungu wenyewe uko kwenye shule. Hii ni Napoli, Italia, ya miaka ya 1950. Lila alijifunza kusoma mwenyewe, lakini baba yake, fundi viatu, hataki aendelee baada ya shule ya msingi. Ugomvi unaishia kwa mtoto kurushwa dirishani, akavunjika mkono. Lenù anaendelea kwa kuwa mwalimu aliwabana wazazi wake mpaka wakakubali. Kwangu mimi, huo wivu mwingi umepandwa na umaskini, si roho mbaya.

Ukifika siku ya harusi ya Lila, soma polepole. Wengi tunadhani mwenye kipaji anayetajwa kwenye jina la kitabu ni Lila. Angalia pale nani anamwita nani hivyo.