Jibu: sensa ya unyevu kwenye tagi ya RFID isiyo na betri, kwa nini inakaa kimya

Mkuu umeuliza mbona tagi yako ya UHF (ile inayopata umeme wake kutoka mawimbi ya redio ya rida, yaani kisomaji) uliyoiunga na DHT22 (sensa ya joto na unyevu) upime magunia ya mahindi pale Kibaigwa inatoa namba yake tu, sensa haitoi kitu. Kazi kama hiyo nimewahi kufunga kwenye ghala la mtu hukohuko wilaya ya Kongwa, kwahiyo nakujibu kwa nilichokiona.

DHT22 iweke pembeni. Sio mbovu ila inakula sana, inataka volti 3.3 kwenda juu, ukiiwasha unaisubiri kama sekunde nzima itulie na ikipima inavuta mpaka miliampea 1.5, piga hesabu ni kama milijuli 5 kwa kipimo kimoja. Kapasita, kile kidude kinachotunza umeme unaovuna, ya mikrofaradi 100 ikishuka toka volti 3 hadi 2 inakupa mikrojuli 250, basi. Sensa nyingine ya unyevu, SHT40, inamaliza kipimo ndani ya milisekunde 8 hivi kwa mikrojuli zisizozidi 10 au 15, hapo ndo unaanza kupumua.

Na umeme wenyewe unaopokea ni kiduchu aisee. Rida ya wati 2, tagi ikiwa mita 3, antena yake inapata kama miliwati 0.4 kwenye hewa wazi, mita 10 inabaki mikrowati 40, halafu dayodi za Schottky zinazogeuza mawimbi kuwa umeme wa volti nazo zinakata chao, kwa nguvu ndogo hivyo zaidi ya nusu inapotelea hapo. Ghalani ni mbaya zaidi maana mahindi yenye maji yanameza mawimbi na bati linayarudisha, unakuta tagi iko hapo mbele yako haisomi, sogeza antena shubiri moja inasoma. Antena ikae nje ya gunia upande wa njia, sensa ndo uiingize ndani kwa waya mfupi, palepale wanapochomaga bambo, ule mrija wa kuchukulia sampuli ya nafaka.

Sasa huo ukimya. Weka osiloskopu (kifaa cha kuchora volti inavyopanda na kushuka) kwenye kapasita uangalie, nina uhakika utaona meno ya msumeno: volti inapanda taratibu, ikigusa 1.8 chipu inayoendesha sensa inaamka, inavuta, volti inadondoka, chipu inazima, inaanza upya, na itafanya hivyo mpaka kesho bila kupima hata mara moja. Dawa yake ni kigunduzi cha volti chenye mipaka miwili, kinafungua njia kapasita ikifika 2.8 na kinakata ikishuka 2.0. Chipu ikiamka ipime fasta, iandike jibu kwenye memori ya tagi, ilale, rida itakuja kulisoma kwa wakati wake.

Halafu bodi za kununua tayari zinaumiza watu. Ile taa nyekundu ndogo ing'oe, na kama kuna AMS1117 (kidhibiti volti) pale ujue inakula kama miliampea 5 ikiwa imekaa tu, yaani mara kumi na zaidi ya chochote unachovuna. Sensa ipe umeme kupitia pini ya chipu ili ikimaliza ife kabisa, na kapasita iwe ya seramiki, zile za elektroliti zinavuja na kwa mikrowati hizi mvujo unauona.

Wapo watakaokwambia chukua EM4325, chipu ya tagi ya UHF, ina kipimajoto humohumo ndani. Ni kweli na ni nzuri, ila kwa mahindi joto peke yake halikusaidii, tulishaona sumukuvu (sumu ya ukungu wa nafaka) ya 2016 ilivyoua watu Dodoma na Manyara. Unachotafuta ni unyevu wa hewa kati ya punje, ukipita asilimia 65 mpaka 70 ukungu unapata nafasi.

Kiukweli kama magunia sio mengi na una kijana wa kuzunguka, mimi ningeachana na UHF nikatumia NFC, ile ya kugusisha simu, chipu kama ST25DV inavuna umeme kwenye simu yenyewe, unapata miliwati kadhaa, unagusa gunia unasoma. Ubaya wake ni sentimita chache tu, kwahiyo gunia la katikati ya lundo hulifikii ng'o. Ukibaki na UHF ulizia TCRA (mamlaka ya mawasiliano) masafa ya rida kabla hujaagiza, na tupia picha ya saketi hapa, hasa upande wa kapasita.